Kiti Kilichonukia Mgongo Wazi

Mimi si mtu wa kutembea. Nasema hivyo mapema ili asiyenijua asije akanipa sifa zisizo zangu. Wako watu hapa Kisumu ambao wakiamka lazima waonekane: wako stendi, wako sokoni, wako kando ya ziwa wakibishana kuhusu siasa. Mimi nikiamka natafuta upande wa sofa ambao bado una sponji. Mke wangu kwao ni Nyakach, karibu na Pap Onditi, kwa hiyo mtaa mzima unamwita Nyar Nyakach, binti wa Nyakach. Yeye huwaambia wageni kwamba tulipohamia nyumba hii, pembeni mwa Obunga, aliniingiza sebuleni pamoja na kabati, na tangu siku hiyo kabati ndilo lililosogea mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo ukisikia kwamba ndimi ninayesimamia kikundi cha kusaidia watoto wenye ulemavu, usidhani nilitokewa na malaika. Kikundi kilianzishwa kanisani na akina mama wachache wenye watoto wasioweza kukaa wala kusimama. Walihitaji mahali pa kuweka maboksi yao. Mchungaji akauliza, "Ni nani kati yetu hushinda nyumbani kila siku?" Kanisa zima likageuka likaniangalia. Hakuna hata mmoja aliyejifanya anafikiri.

Nilikuwa nimepunguzwa kazi ya stoo katika duka la vifaa vya ujenzi mjini. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne, na gredi niliyopata mke wangu ameniomba nisiitaje mbele ya watoto. Lakini kupanga vitu najua, na kukaa najua. Ukweli ni kwamba kazi yetu yote inahusu kukaa. Nadhani ndiyo maana tumepatana nayo.

Tunatengeneza viti vya katoni. Kama hujawahi kuona kiti cha katoni, cheka tu, sisi wenyewe tulicheka. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye mwili umelegea hapa na kukaza pale, ukimweka kwenye kiti cha kawaida anateremka polepole mpaka unamkuta chini ya meza. Anahitaji kiti kilichokatwa kufuata mwili wake: mgongo wa kumshika, kinundu katikati ya mapaja kumzuia asiteleze, mahali pa kukanyaga, na kimeza mbele cha kuegemeza mikono. Sisi tunakiunda kwa maboksi ya dukani, magazeti ya zamani na uji mzito wa unga wa ngano. Unapaka uji, unabandika, unasugua kwa chupa ili hewa itoke, unapaka tena, unabandika tena. Kikikauka kinakuwa kigumu kama mbao. Hata mimi na tumbo langu nakikalia. Kikikauka. Neno hilo ndilo lililonitoa nyumbani.

Fundi wetu ni mwanamume anayetembea kwa magongo tangu polio ilipompitia utotoni, na mwenye mdomo ambao haujawahi kuugua hata siku moja. Yeye hupima na kukata. Mimi hupika uji na kusugua kwa chupa, kazi zinazofanyika mtu akiwa ameketi. Kiti chetu cha kwanza kabisa tulisahau kukipaka vanishi, na mbuzi wa jirani akala mgongo wake wote huku mtoto amekikalia, anacheka. Fundi bado hueleza watu kwamba mbuzi yule alikuwa mteja wetu wa kwanza, na aliridhika.

Basi, ilikuwa likizo ya Aprili, mvua ndefu zimeanza. Mama mmoja akaingia sebuleni kwetu na binti mgongoni, binti mkubwa, wa miaka tisa, miguu yake mirefu ikining'inia pande zote mbili. Mama huyo hulima mpunga upande wa Ahero, huko Kano ambako mvua ikinyesha hujui shamba linaishia wapi na njia inaanzia wapi. Alimlaza mtoto kwenye mkeka chini ya dirisha, akanyoosha kiuno, akakaa.

Kabla hajasema lolote, sauti ikatoka sakafuni. Maneno yalikuja moja moja, kama maji ya bomba siku ya mgao.

"Mzee. Wewe. Hutoki. Nyumbani."

Nikamwangalia Nyar Nyakach, nikidhani amenisengenya mlangoni. Akatikisa kichwa kukana.

"Nani amekuambia?" nikauliza.

"Slipas zako. Juu zimeisha. Chini bado mpya."

Mke wangu alilazimika kuingia jikoni. Nilimsikia akicheka huko na sufuria. Mama mtoto akaomba msamaha mpaka nikamwonea huruma.

"Mzee, msamehe. Huyu analala chini siku nzima, anaona miguu tu. Anajua kila mtu kwa miguu. Mgeni akija anasema, 'Mama, huyu amekuja kukopa.' Na kweli!"

"Na mimi nimekuja kufanya nini?" nikamuuliza mtoto.

"Wewe hujakuja. Uko tu."

Nilimpenda palepale. Si rahisi kupata mtu anayekuelewa haraka hivyo.

Kisha mama akatueleza kilichomleta. Mtoto wake alikuwa hajawahi kwenda shule. Wadogo zake wawili walikuwa wamemtangulia, na jioni walimsomea vitabu vyao akiwa chini. Herufi alikuwa amezijua mwenyewe, kwenye magunia ya mbolea ambayo ndiyo kitanda chake cha mchana. Mama alikuwa amekwenda shule ya msingi ya karibu yao mara nyingi, na mara nyingi alikuwa amerudishwa kwa maneno matamu. Mara hii mwalimu mkuu, mwanamke mkali lakini msikivu, alimpa jibu lenye kichwa na miguu.

"Aliniambia hivi: 'Mama, mimi sichukii mtoto wako. Lakini darasa limejaa, na mwalimu ni mmoja. Siwezi kumpa kazi ya kumshika huyu asianguke. Mlete Jumatatu ya kufungua shule. Akikaa mwenyewe, bila mtu kumgusa, mpaka kengele ya mapumziko, ninamwandika. Akishindwa, tafuta ile shule ya bweni ya mbali.'" Mama akashika goti la mtoto. "Na mimi huyu simpeleki mbali. Usiku akikaza miguu, ni nani atamgeuza?"

"Anaweza kukaa?" akauliza Fundi, aliyekuwa akikata katoni pembeni.

"Nikimshika."

"Basi tutakupa kitu cha kumshika vizuri kuliko wewe," akasema Fundi, na tayari alikuwa ameteremka sakafuni na utepe wa kupimia. "Nyathina, nyoosha shingo. Huyu Mzee wako wa slipas tutamtoa jasho."

Nyathina ni "mwanangu". Fundi huwaita hivyo watoto wote, hata wale wenye ndevu.

Tulikuwa na wiki mbili na kidogo. Wiki ya kwanza tulikata na kubandika. Kiti kilitoka kizuri kuliko vyote tulivyowahi kuunda: mgongo mrefu, mabawa mawili madogo ya kuzuia mbavu, kimeza chenye ukingo ili penseli isibingirike. Kilisimama katikati ya sebule kama mfalme. Na kilikuwa kimelowa kama mkate ulioanguka kwenye chai.

Siku za jua, kiti hukauka nje juani na unasahau. Lakini mvua ya mwaka huo haikuwa na adabu. Asubuhi ilinyesha, mchana ilipumzika ili ipate nguvu, jioni ikarudi. Nilikibonyeza kiti kila nilipopita karibu nacho, na kila mara kidole kilizama. Wiki ya pili ilipoanza, chini ya kiti pakaota ukungu wa kijani.

"Bwana mwenyekiti," Fundi akasema, "hii kiti yako inaanza kumea. Wikendi tutavuna."

Nilijaribu kila kitu kinachoweza kujaribiwa ndani ya nyumba. Nilikisogeza karibu na jiko la makaa, kikaungua pembe moja na upande wa pili ukabaki uji. Nikakipepea kwa sinia mpaka mkono ukafa ganzi. Mwishowe nikachukua pasi ya umeme nikakipiga pasi.

Nyar Nyakach alisimama mlangoni akiniangalia muda mrefu. "Mashati yako mwenyewe hujawahi kupiga pasi," akasema. "Lakini sawa. Endelea, Baba. Usisahau kola."

Hakucheka Jumapili. Wino wa magazeti ulikuwa umeshika kwenye pasi pamoja na uji, na gauni lake jeupe la kanisani likatoka na kipande cha habari za bunge mgongoni. Waumini wa kiti cha nyuma walikisoma ibada nzima. Mmoja alimuuliza mlangoni kama habari hiyo ina sehemu ya pili.

Sasa ilibaki wiki moja. Mama wa Ahero alipiga simu. Hakuuliza kama kiti kimekauka. Aliuliza kama mtoto avae gauni la bluu au la njano siku hiyo, maana mtoto mwenyewe amekataa kulala mpaka ajibiwe. Nikasema la njano. Nikakata simu, nikakibonyeza kiti, kidole kikazama. Nilikaa kwenye sofa nikahisi kwamba sofa yenyewe inanisuta.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, mwanamke kutoka upande wa Vihiga ambaye kibanda chake cha samaki kiko nyuma ya ua wetu. Mgeni wa Obunga lazima aelezwe: viwanda vya samaki huchukua minofu ya mbuta na kuipeleka huko kwa wenye uwezo. Kinachobaki ni kichwa na mfupa mrefu wa mgongo ulioshikilia vinyama, na hicho ndicho tunachokiita mgongo wazi. Wanawake wa Obunga hukikausha juu ya moto wa taratibu, kisha hukikaanga kwenye mafuta mpaka kinakuwa kitamu kuliko hiyo minofu iliyopanda ndege. Kibanda cha jirani yangu kina moto kuanzia asubuhi mpaka jioni, mvua inyeshe isinyeshe, na juu ya moto kuna uchaga wa waya.

Alichungulia sebuleni, akanikuta nimepiga magoti nikikipuliza kiti kwa mdomo, Nyar Nyakach na Fundi wakinitazama.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nakausha."

"Kwa mdomo?" Akaingia, akakigonga kiti kwa kidole kama anayenunua tikiti maji. "Lete kwangu. Kitu kikikataa kukauka kwangu, hicho ni ziwa."

"Kitanuka samaki."

"Samaki ni harufu ya chakula. Mtoto atakosa nini? Lakini sikilizeni: mimi sina macho ya kuangalia paka na mafuta na kiti. Mtu akae nacho."

Wote wakaniangalia tena, kama siku ile kanisani.

Ndivyo nilivyotoka nyumbani. Kutoka mlangoni kwangu mpaka kibandani ni mwendo wa kumaliza kupiga miayo, lakini Nyar Nyakach alinisindikiza kama ninakwenda ughaibuni. Alinifungia viazi vitamu. Akawaita majirani wawili waje waone.

Nilikalia ndoo iliyopinduliwa, kiti kikiwa juu ya uchaga, kati ya mifupa ya mbuta iliyopangwa safu kwa safu. Kazi yangu ilikuwa kukigeuza kiti kila upande uliposhika joto, kuzima cheche na kufukuza paka. Sikuwa najua kwamba Obunga ina paka wengi kiasi hicho. Wengine nadhani walitoka Nyalenda waliposikia. Kwa kuwa mikono yangu haikuwa na kazi wakati wote, jirani akanipa na samaki niwageuze, na wateja wakanizoea.

"Mzee, leo mmeleta mbuta ya aina gani hiyo?" mwendesha boda mmoja akauliza, akionyesha kiti kwa kidole. "Ina miguu minne!"

"Hiyo imeagizwa," nikamjibu.

"Na nani?"

"Na mwanafunzi."

"Basi nikatie bawa moja."

Siku ya kwanza niliona haya. Siku ya pili nilimkemea mteja aliyetaka kuchagua samaki kwa kumbonyeza. Siku ya tatu nilikuwa na maoni yangu kuhusu kiasi cha chumvi, na jirani akaniambia taratibu kwamba shemeji nakupenda lakini rudi kwenye paka. Jioni za siku hizo nilirudi nyumbani macho mekundu, nywele chache nilizonazo zikinuka moshi, na nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea. Mke wangu alinipokea mlangoni na beseni. Sofa hakuniruhusu.

Jumamosi mchana Fundi alikuja, akaegemeza magongo ukutani, akakigonga kiti mgongoni. Ko! Ko! Akageuka akanitazama. Akagonga tena kwa raha yake tu, na wateja nao wakaja wakagonga. Mwendesha boda yule akaomba akikalie. Akakikalia, akakata kichwa cha samaki juu ya kimeza, akatangaza kwamba hiki si kiti, hii ni ofisi. Tukakipaka vanishi juu, chini na ndani ya kila pembe. Kosa letu tuliligundua Jumapili. Harufu haikuwa imeondoka. Vanishi ilikuwa imeifungia ndani, iwe humo milele.

"Haijalishi," Fundi akasema. "Mwalimu alitaka mtoto akae. Hakusema lolote kuhusu pua."

Kisha akaniambia ni mimi nitakayekipeleka. Njia ya kuelekea shule ile ilikuwa imefunikwa na maji, na magongo yake na matope ya Kano hayaelewani, yakiingia hayatoki. "Leo wewe ndiye miguu, omera, ndugu yangu," akasema. "Mungu atuhurumie wote."

Jumatatu alfajiri pikapu inayomletea jirani samaki ilinishusha Ahero. Mama alikuwa akinisubiri kando ya barabara, mtoto mgongoni ndani ya gauni la njano, nywele zimesukwa zikang'aa. Mbele yetu hapakuwa na njia. Palikuwa na maji ya kahawia, na mbali huko paa la shule, na katikati watoto wakipita wameshika viatu mikononi kana kwamba ni jambo la kila siku. Na kweli kwao ni jambo la kila siku.

Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikakipindua kiti nikakivaa kichwani juu ya kofia. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mabawa yale mazuri yalikuwa yamenifunika macho pande zote. Sikuona anga, sikuona paa la shule. Niliona miguu yangu tu, na maji yakiizunguka. Kiti kile kilikuwa unga na karatasi. Vanishi ingezuia manyunyu, lakini nikiteleza na kukizamisha, shule ingepata uji.

"Mzee," sauti ikaja kutoka juu, mgongoni kwa mama. "Nenda kushoto."

Nikaenda kushoto.

"Hapo kuna shimo. Ruka. Si hivyo! Ruka kama mtu."

"Mimi sijaruka tangu nimalize shule."

"Inaonekana. Sasa simama. Ng'ombe anapita."

Nikasimama. Ng'ombe akapita, nilimjua kwa kwato. Mama alikuwa anacheka kimya, nilisikia pumzi yake. Binti aliniongoza hivyo maji yote, kushoto na kulia, kwa maneno yake ya moja moja, na sikukosea hata hatua moja isipokuwa ile niliyojifanya najua zaidi yake, ambayo ilinilowesha mpaka kiunoni. Kiti hakikuguswa na tone. Tulipopanda kwenye ardhi kavu ya uwanja wa shule nilikishusha kichwani, na nyuma yetu kulikuwa na mbwa wawili na paka mmoja wa jikoni ya shule, wakifuata kwa heshima kama watu wa mazishi.

Mwalimu mkuu alitupokea mlangoni mwa darasa la gredi ya kwanza. Akamsalimu mama, akamsalimu mtoto kwa mkono, jambo lililonifanya nimpende kidogo. Kisha akakizunguka kiti. Pua yake ikacheza.

"Mzee, samahani. Hiki kiti kimekula nini?"

"Mgongo wazi, Mwalimu."

Alinitazama kuona kama ninamdhihaki. "Haya," akasema. "Kiwekeni mbele. Nyinyi mkae nje. Na nilisema akae mwenyewe. Asiguswe."

Tulimketisha. Mama alifunga mkanda kifuani, nikaifunga miguu yake mahali pake kwa mkanda wa pili, nikateremsha kimeza. Tukatoka. Dirisha la darasa halikuwa na kioo, kwa hiyo tulisimama pale, mama, mimi na mwalimu mkuu, na chini yetu wale mbwa wawili.

Watoto walimkodolea macho. Mmoja akanusa kwa nguvu akasema, "Nasikia njaa," na darasa zima likacheka. Paka wa jikoni akaingia kwa mlango, akapita katikati ya madawati kama mkaguzi wa shule, akajilaza chini ya kiti. Mwalimu wa darasa, kijana mpole, akaamua kwamba hakumwona, akageukia ubao kuandika.

Muda wa kwanza ulikwenda vizuri. Kichwa chake kilikuwa juu. Macho yake yalikuwa yakitembea kutoka uso mmoja hadi mwingine, polepole, bila kuruka hata mmoja, kama mtu aliyeingia dukani na hataki kutoka kabla hajaona kila rafu. Kisha nikaona bega la kushoto linashuka. Kwanza kidogo. Kisha kidogo tena. Alikuwa anateleza upande, na kichwa kikaanza kufuata bega, na mguu wake mmoja ukakaza na kusukuma. Mama alishika ukingo wa dirisha. Mimi nilikuwa tayari nimeinua goti kuingia kupitia pale pale dirishani, mtu ambaye sijaruka tangu nimalize shule.

Mwalimu mkuu akanishika shati. "Mzee. Tulisema akae mwenyewe."

"Anaanguka!"

"Ngoja."

Niliona midomo ya mama ikisogea bila sauti. Darasani hakuna aliyekuwa ameona. Bega likagusa bawa la kiti, lile bawa dogo la kadibodi nililoligeuza kibandani mpaka nikalijua kama kiganja changu, na bawa halikujikunja. Lilikaa. Lilimshika. Binti alitulia juu yake kidogo, akapumua, akaingiza kiwiko kwenye ukingo wa kimeza, ule tuliouweka kwa ajili ya penseli, na akasukuma. Uso wote ulikunjamana. Kichwa kikapanda, kikaanguka, kikapanda tena, na bega likarudi mahali pake. Hakuna mkono wa mtu uliomgusa.

Kisha akainua sauti, mbele ya darasa zima.

"Mwalimu. Sogea. Sioni. Ubao."

Kijana wa watu aligeuka, akajiangalia, akasogea. "Samahani," akasema.

Mwalimu mkuu akaniachia shati. Alikaza macho kwenye ubao. "Mdomo anao," akasema.

"Huo hatukutengeneza sisi," nikamwambia.

Kengele ilipolia, watoto walimwagika nje wote kwa wakati mmoja, na nusu yao hawakwenda popote, walikizunguka kile kiti wakikinusa na kukigonga. Ko, ko. Mama hakuingia mara moja. Alijifuta uso kwa leso, akaikunja, akaifungua, akajifuta tena. Mwalimu mkuu alimwambia kesho alete sare, na kwamba huyo paka asihesabiwe kama mwanafunzi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kiti cha namna ile tunaweza kumtengenezea kijana mmoja wa kijiji cha pili ambaye pia alikuwa amemkataa. Nikasema tunaweza. Akauliza kama lazima kinuke vile. Nikasema mvua ikiwa ndefu, lazima. Mpaka leo viti vyetu vya msimu wa mvua vinapitia kibandani kwa jirani, na mwenye kuvigeuza ni mimi. Ndoo yangu sasa ina mto, Nyar Nyakach ndiye aliyeushona. Anasema kabati limebaki peke yake sebuleni na linaniulizia.

Lakini siku ile, kabla hatujamshusha, mkanda wa miguuni ulikuwa umelegea. Nilipiga magoti mbele ya kiti kuukaza, kofia ikaniponyoka ikaanguka. Nilihisi ninaangaliwa kwa makini kutoka juu. Nikainua macho. Uso wake ulikuwa juu ya uso wangu, umetulia, mikono juu ya kimeza kama hakimu, nami nilikuwa chini pale alipokuwa akiishi yeye.

"Mzee," akasema.

"Naam."

"Kumbe. Una. Upara."

Akaangua kicheko, na kiti hakikutikisika hata kidogo.